Gari Lililobaki Juu ya Stendi



Marehemu mume wangu, Mola amrehemu, alifariki siku ya tatu ya Mfunguo Nne, na gari lake likabaki uani likiwa limeinuliwa nyuma juu ya stendi mbili za chuma, limevuliwa miguu. Nasema miguu kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akisema. Alianza kulifungua siku chache baada ya Idi Kubwa, akinuia kulimaliza kabla ya shule kufunguliwa. Moyo ulimsimama usiku, hakuumwa hata siku moja, na asubuhi watu waliokuja kubeba jeneza ilibidi wapite ubavu ubavu baina ya ukuta na lile gari.

Vyuma vyenyewe vilikuwa vimepangwa kwenye baraza ya nyuma juu ya mkeka uliochakaa: mikono miwili mizito inayoshika magurudumu, springi mbili, shokabzoba, shafti za kushoto na kulia, difu, na chuma kikubwa cha mtambuko ambacho vyote hivyo hujifunga kwacho. Kando yake palikuwa na makopo kumi na moja ya maziwa ya unga. Kila kopo lilikuwa na nati na bolti zake, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake: "Mkono wa kushoto, ndani." "Mkono wa kushoto, nje." "Difu na bomba, bolti 4." Palikuwa pia na daftari la shule la kurasa 96, alimochora kila kipande alichokitoa na namna kilivyokaa kabla hajakigusa. Mtu aliyekuwa akisahau kununua chumvi hata ukimwandikia!

Ni Peugeot 504, saluni, ya mwaka 1980. Hapa kwetu Mombasa mtu yeyote wa makamo ana kisa chake cha Pijo. Gari la aina hii lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1968, likachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya mwaka 1969, na Ufaransa yenyewe iliacha kuliunda mwaka 1983, ilhali Afrika iliendelea nalo kwa miaka mingi baadaye. Baadhi yake yaliunganishwa hapa hapa kwetu, katika kiwanda cha AVA kilichoko Miritini, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwangu. Wapenzi wa Safari Rally wanakumbuka kwamba 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Mume wangu alikuwa akiitaja miaka hiyo miwili kama wengine wanavyotaja miaka ya kuzaliwa watoto wao.

Lakini Pijo wengi wanayoikumbuka ni ile ndefu, stesheni wagoni, iliyokuwa matatu ya safari za mbali, abiria wamebanana safu tatu na mizigo juu ya paa. Ile si ndugu kamili ya hii yetu. Stesheni wagoni ina ekseli moja nzima inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma kama mzega. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo huinamishwa. Ekseli ya namna hiyo hubeba mzigo mkubwa wala haichoki. Saluni yetu imeundwa vingine. Kila gurudumu la nyuma lina mkono wake na springi yake, na difu haipandi na kushuka pamoja na magurudumu bali imeshikwa juu, karibu na bodi, ikituma nguvu zake kwa shafti mbili zinazojikunja kwenye maungio. Kwa hiyo kila upande una goti lake. Mtu akikanyaga shimo kwa mguu wa kushoto, goti la kushoto hujikunja, la kulia likasimama palepale. Ndiyo maana mavyaa wangu, ambaye mgongo wake haumpi raha, alikuwa akikataa magari yote mapya ya watoto wa ndugu zake na kutaka kupelekwa hospitali kwa Pijo.

Ugonjwa wa gari ulikuwa kwenye bushi. Hizi ni pete za mpira zilizobanwa baina ya mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, nazo ndizo zinazouruhusu mkono wa gurudumu kupanda na kushuka bila ya chuma kusugua chuma. Mpira huo huzeeka. Na hapa Port Reitz, baina ya hori na bandari, upepo una chumvi inayokula hata bawaba za madirisha, sembuse bolti iliyo chini ya gari. Malori ya makontena nayo yamezichimba barabara zetu mashimo ambayo mtoto akiingia haonekani mabega. Gari lilikuwa limeanza kuyumba nyuma kila likifunga breki, na tairi zake zililika upande wa ndani. Bushi mpya zilikwisha kununuliwa. Zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda chetu, na hazikuwa zimelipiwa zote.

Hapo ndipo penye shina la maneno haya.

Siku ya ishirini ya eda yangu alikuja mtu wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia tu mizani ikitupwa chini na sauti ya shemeji yangu mkubwa akimkaribisha. Bei yake ilikuwa ya kilo. Gari zima la namna hii lina uzito wa yapata kilo 1,200, na yeye alitaka kulipa kwa uzito, vya baraza vikiwamo, achukue siku hiyo hiyo. Simlaumu shemeji. Kaka yake alikuwa ameacha deni kwa rafiki aliyemuuzia vipuri, na deni la maiti si jambo la kulaliwa nalo. Hutolewa katika mali yake kabla ya wosia na kabla ya mrithi yeyote kugusa kitu. Alikuwa akiogopa roho ya nduguye ifungwe kwa sababu ya bushi na beringi. Tena alikuwa na hoja: gari lisilo na miguu ya nyuma haliuziki kama gari.

Nilimwita mlangoni, pazia likiwa baina yetu, nikamwambia: "Shemeji, hilo gari si lako wala si langu. Muulize kwanza wenyewe."

Akanyamaza. Kisha akamwambia yule mtu arudi baada ya eda.

Wenyewe ni nani? Kina mama wenzangu, naomba mnivumilie nikiweka hesabu hapa, kwa sababu nimewaona wajane wengi wakiambiwa "tutakuangalia" badala ya kuambiwa hesabu. Marehemu aliacha mke mmoja, mama mzazi, mwana mmoja wa kiume wa miaka 16, na mabinti wawili: mkubwa ameolewa Kisauni, mdogo ana miaka 12. Mke, akiwapo mtoto, ana thumuni. Mama, akiwapo mtoto, ana sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Ukitaka kuepuka vipande vya vipande, yagawe mali yote mafungu 96: mimi 12, mavyaa wangu 16, mwanangu 34, na kila binti 17. Binti yangu mdogo alipoonyeshwa hesabu hii na dada yake, alitoka barazani akavitazama vyuma kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mama, kati ya hivi, 17 zangu ni zipi?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini swali lake lilinikaa. Mtoto huyu na kaka yake bado ni mayatima, na mali ya yatima ina makali ambayo sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa jarida hili. Mtu mzima anaweza kuuza haki yake kwa hasara akitaka, ni shauri lake. Haki ya yatima haiuzwi kwa kilo ikiwa inaweza kuuzwa kwa thamani yake kamili. Sheria ya Kenya inatuachia Waislamu tugawane mirathi kwa sheria ya dini yetu, na Mahakama ya Kadhi imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Mtu akiona yatima anadhulumiwa, mlango upo. Lakini nani anataka kwenda kwa kadhi na shemeji yake aliyembeba mumewe hadi kaburini? Niliona heri gari lirudishwe miguu, lithaminiwe likiwa gari, kisha tuzungumze.

Palikuwa na mambo mawili ya kuuliza, na nilimtuma shemeji kwa imamu wa msikiti wetu akayaulize kwa niaba yangu. La kwanza, gharama. Imamu alisema fedha za matengenezo zisichotwe katika fungu la watoto. Mtu mzima akitoa kwa hiari yake, atoe. Basi nikatoa mimi. Nashona kofia za mkono tangu nikiwa mwari, na kofia nzuri yenye vito vilivyojaa ina bei yake. Eda haimzuii mwanamke sindano yake. Kofia tatu zilizokuwa nusu nilizimaliza katika wiki sita, nikisikiliza ndege za uwanja wa Moi zikishuka juu ya paa langu.

La pili lilikuwa la watu. Jirani mmoja alikwisha kusema, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba haijapata kuonekana mjane wa eda nyumba yake ikawa gereji. Jibu la imamu lilikuwa jepesi kuliko maneno ya jirani: mwanamke akae nyumbani kwake, ajiepushe na mapambo na manukato, na azungumze kwa haja na kwa heshima, fundi anayefanya kazi uani mchana, shemeji na mwana wakiwapo, hana kosa. Nilizikata manukato tangu siku ya kwanza. Harufu ya grisi na mpira, hata hivyo, ilikuwa imejaa nyumba nzima, na hiyo hakuna aliyeniambia niikate.

Fundi aliyekuja ni mzee wa Changamwe, aliyejifunza kazi zama za Pijo zilipokuwa nyingi kuliko Toyota. Hakuja na maneno mengi. Alitembea barazani, akafungua kopo moja moja, akasoma karatasi, akaomba daftari. Alilisoma lote akiwa amechutama. Kisha akamwambia mwanangu: "Babako amekwisha fanya nusu ya kazi. Aliyefungua vizuri ndiye aliyefunga. Mimi nitakusimamia tu. Mikono iwe yako."

Mwanangu alikuwa hajazungumza vizuri na mtu tangu mazikoni. Alikuwa akienda shule, akirudi, akila kidogo, akilala. Baba yake alikuwa amemwita mara nyingi aje ashike tochi chini ya gari, naye alikuwa na simu yake. Sikumkumbusha jambo hilo, wala fundi hakulijua. Lakini nililiona usoni mwake alipopewa brashi ya waya.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za kusugua. Kutu ilitolewa kwenye chuma cha mtambuko hadi kikang'aa, kikapakwa rangi ya kuizuia kutu mara mbili, kikaachwa kikauke kivulini mwa mwembe. Bushi za zamani hazikutaka kutoka. Fundi alikataa zichomwe kwa moto, kama wafanyavyo wengi, kwa sababu moshi wa mpira ni sumu na pana watoto na mgonjwa wa mgongo ndani. Alizipeleka kwa wenye mashine ya kusukumia, zikatolewa na mpya zikaingizwa kwa nguvu iliyonyooka. Bolti tano zilikuwa zimeliwa na chumvi hadi shingo yake imekuwa nyembamba kama kidole cha mtoto. Mwanangu alitaka zirudishwe, mradi zilikuwa bado zinaingia. Fundi alimpa moja na nyundo, akamwambia aipige. Ilikatika kwa pigo la pili. Hapakuhitajika hotuba.

Binti yangu mdogo ndiye aliyekuwa mshika daftari. Mwanzo kaka yake alimfukuza, na fundi naye alitia shaka, si kwa ubaya, ni kwa mazoea. Lakini mwandiko wa marehemu ulikuwa mbaya, na katika nyumba hii ni yule mtoto peke yake aliyekuwa akiusoma bila ya kukwama, maana ndiye aliyekuwa akimwandikia baba yake orodha za vitu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisoma kama anayesoma darasani: "Mkono wa kulia. Bolti ndefu inatoka ndani kwenda nje. Waya wa breki unapita juu, si chini." Ikawa hakuna kinachofungwa kabla yeye hajakisoma.

Kazi ya kulirudisha lile fungu lote chini ya gari ilifanywa siku ya Jumamosi, kwa sababu ilihitaji wanaume wanne na mchana mrefu. Watu huweka gari juu ya matofali ya saruji yenye matundu. Tafadhalini, mkiona waume au wana wenu wakifanya hivyo, wazuieni. Tofali la namna hiyo huonekana imara kisha hupasuka ghafla bila ya ishara. Hapa palikuwa na stendi za chuma zilizokaa mahali pagumu pa bodi, na pembeni yake magogo mawili ya mwembe, ili jambo likiharibika gari liangukie gogo badala ya mtu. Magurudumu ya mbele yalizibwa kwa kabari. Chuma cha mtambuko, difu na ile mikono viliunganishwa kwanza chini, vikawekwa juu ya jeki ya magurudumu, vikasukumwa taratibu hadi chini ya tumbo la gari, vikainuliwa.

Pana mahali pagumu ambapo fundi alikuwa amenionya kabla. Pijo hii haina propela iliyo wazi kama magari mengi. Propela yake inazunguka ndani ya bomba refu la chuma linalotoka kwenye giaboksi hadi difu, na mwisho wake una meno ambayo lazima yaingie sawasawa katika meno ya difu, bila ya kuyaona, huku fungu zima zito likiwa hewani. Yakikosana hata kidogo, hayaingii, na ukilazimisha kwa bolti unavunja. Wanaume walisukuma, wakarudi nyuma, wakasukuma. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, wakaacha kila kitu juu ya jeki na magogo, wakaenda kusali. Waliporudi, fundi alimwambia mwanangu alale chini, ashike kitovu cha gurudumu kwa mkono mmoja na kukizungusha polepole mno, kama anayetafuta stesheni ya redio. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la jikoni. Ghafla nilisikia mlio mdogo, "tik", kisha chuma kikatambaa mbele na kukutana na chuma mwenzake. Hakuna aliyesema kitu. Halafu binti yangu akasoma: "Difu na bomba, bolti nne," akalishika lile kopo akalipeleka.

Springi ziliingizwa siku iliyofuata. Hapo watoto wote walifukuzwa uani, na mimi nikaona ni haki. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumuua mtu, na fundi alikuja na vibanio vyake halisi vya kubania, akakataa kabisa waya na minyororo aliyoletewa.

Nilidhani wamemaliza. Nati zote zilikuwa mahali pake na magurudumu yamefungwa. Lakini bolti za ile mikono, zile kubwa zinazopita ndani ya bushi, fundi alikuwa ameziacha zikiwa zimeshikwa tu, bila ya kukazwa. Shemeji aliliona hilo akauliza kwa wasiwasi. Maelezo aliyopewa nimeyahifadhi. Bushi haizunguki kama beringi. Mpira wake umeshikana na mirija yote miwili, na mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota na kujisokotoa. Sasa gari likiwa hewani, mikono yake huning'inia chini. Ukikaza bolti wakati huo, umeufunga mpira katika hali ya kuning'inia. Siku gari litakaposhuka likakaa kwa uzito wake, mpira utakuwa umesokoteka usiku na mchana hata likiegeshwa, nao utachanika baada ya muda mfupi. Kwa hiyo gari hushushwa kwanza, likabebeshwa uzito ambao hulibeba kila siku, ndipo likakazwa. Mume wangu alikuwa ameliandika hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kwa herufi kubwa, akalipigia mstari mara mbili: "USIKAZE MPAKA LIKAE."

Magurudumu ya nyuma yaliwekwa juu ya mbao nene zilizopangwa ili mtu apate nafasi ya kuingia chini, na stendi zikaachwa palepale, zimepungua kidole kimoja tu kugusa, kama walinzi. Fundi akaomba uzito. Mwanangu alileta magunia mawili ya mchanga. Ndipo mavyaa wangu, aliyekuwa ameketi kitini mlangoni tangu asubuhi na tasbihi yake, akasema: "Mchanga wa nini? Mwenye kiti si mimi?"

Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alishikwa mkono, akapandishwa kile kijukwaa cha mbao, akaketi nyuma upande wa kushoto, mahali pake pa miaka yote. Binti yangu mdogo akaketi kando yake na daftari. Magunia yakawekwa kiti cha mbele, mahali pa dereva, na hapo ndipo nilipogeuza uso nikatazama sufuria. Gari lilishuka kidogo nyuma, likatulia. Mwanangu aliingia chini na spana ya kupimia mkazo, na kila ilipolia alitaja bolti, na dada yake akaitia alama kwenye daftari: kushoto ndani, kushoto nje, kulia ndani, kulia nje. Mavyaa hakuteremka ilipoisha. Alikaa mle ndani hadi karibu na magharibi, mlango wazi, akisema hapana joto.

Kilichobaki kilikuwa cha kawaida: kebo ya breki ya mkono, kutoa hewa kwenye breki, mafuta mapya ya difu. Siku ya kumi na tatu ya Mfunguo Nane eda yangu iliisha, nikaoga, nikabadili nguo. Wiki hiyo hiyo walikuja watu wawili wa kuthaminisha, kila mmoja siku yake. Bei ya wa chini kati yao ilikuwa zaidi ya mara sita ya ile ya mizani. Shemeji alitazama karatasi zote mbili, akazikunja, akasema, "Ningelifanya dhambi." Nikamwambia hakuifanya.

Deni la vipuri lililipwa kutoka katika fedha ndogo alizokuwa nazo marehemu katika ushirika wao, nasi sote watu wazima tukashuhudia. Kisha tuliketi barazani kugawa: shamba dogo la Kwale, vitu vya ndani, na gari. Binti yangu wa Kisauni alitaka gari liuzwe, na alikuwa na sababu, ana watoto wachanga na mume asiye na kazi ya kudumu. Fungu lake si sadaka ya kuwafurahisha nduguze. Mwanangu alikuwa ametazama chini. Bado hana umri wa kupewa leseni, na mimi kama mlezi nisingeliweza kumwekea gari likae kutu katika haki yake. Nilikuwa nimejiandaa kusema liuzwe.

Mavyaa wangu akauliza sudusi yake ni shilingi ngapi ukijumlisha vyote. Akaambiwa. Akauliza gari ni shilingi ngapi. Akaambiwa. Akasema, basi atalichukua gari katika sudusi yake, na kinachozidi apewe kwa shamba, na binti wa Kisauni apewe chake taslimu. Ana miaka sabini na minane na hajapata kushika usukani. Mtu mmoja akamuuliza, kwa adabu, atalifanyia nini. "Ni mali yangu," alijibu. "Nitampa hiba nimtakaye, siku nitakayo. Kwanza nataka kupelekwa."

Shemeji ndiye dereva kwa sasa. Mavyaa ameshapelekwa hospitali mara mbili, Likoni kwa wifi yangu mara moja, na Kisauni kumtazama kitukuu. Mwanangu hukaa mbele, kioo kikiwa wazi, akisikiliza nyuma. Anadai kuna mlio mdogo upande wa kulia kila wanapokata kona ya kutoka Barabara ya Port Reitz. Fundi amesema pengine ni mpira mpya unajizoesha, lakini gari lirudishwe kwake likifikisha kilomita 500 ili bolti zote zipimwe tena. Binti yangu anaandika kilomita katika daftari la baba yake, kwenye ukurasa uliobaki mtupu. Hadi jana jioni zilikuwa 312.